Njia ya Ng'ombe na Nyumba ya Mama

Haradima, njia ya Garsen
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu Sabdio,

Amani ya Mungu ikutangulie hapo Nanighi, na barua hii ikukute umekaa chini, si umeinamia sufuria. Mguu uliokuwa ukivimba unaendeleaje? Na wajukuu, wale wawili wanaokupanda mgongoni ukisujudu, hawajambo? Nashukuru kwamba eda umeimaliza salama. Mungu amrehemu shemeji yangu Liban. Mpaka leo nikichemsha chai namsikia akisema kwamba chai yangu ni maji ya mto yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Zamani nilikuwa nakasirika. Sasa natamani angekuwepo aitukane tena.

Sisi huku ni wazima. Magoti yananisumbua, lakini mdomo, wewe wajua, haujapata kuugua. Biashara ya maziwa si mbaya, ingawa ng'ombe bado wako mbali na maziwa yanakuja kwa pikipiki, mengine yakifika yameshasukwasukwa yakawa siagi njiani. Salamu zako nilizipata kwa Tahir, dereva wa basi, na ndiye huyohuyo atakayekukabidhi barua hii. Ameniambia kwamba unataka kurudi Haradima ukae katika nyumba ya mama. Dada, nilifurahi mpaka nikampa Tahir maziwa ya bure, na wewe unanijua mimi na vitu vya bure. Kuhusu nyumba hiyo nina neno zito, lakini nataka ulifikie kwa njia yake. Tafadhali usiruke mbele.

Uliniuliza kama bado niko katika ile kamati yetu ya viti vya plastiki. Niko, tena nimekalia changu imara. Watu wanafikiri Kamati ya Mji ni mahali pa kula. Waje waone! Juzi tulikuwa na kesi ya punda wanaolala katikati ya steji, mabasi ya Lamu yanapiga honi na punda wanayaangalia tu. Tukamaliza punda, ikaja taka ya machinjioni, kila mtaa unasema isipitishwe kwao. Halafu choo cha steji: ufunguo alikuwa nao mzee mmoja ambaye akienda kuswali anaenda nao, na abiria wanamngoja mlangoni wamebana miguu. Nilisimama nikasema choo si sanduku la mahari, kifunguliwe. Kikafunguliwa. Mwenyekiti wetu ni Hudson, yule mwalimu mstaafu wa Ngao, mtu wa haki lakini mkavu. Mpaka leo anataka tunyooshe mkono hata tukitaka kukohoa.

Sasa jambo lenyewe. Mji wetu umepewa vibanda vya soko, vya mawe, vyenye paa na mtaro wa maji. Kila mwanamke anayeuza chini alimshukuru Mungu, na mimi ni mmoja wao. Unalijua soko letu la zamani, mvua ikinyesha nyanya zinaogelea. Kamati ilikutana kuchagua mahali pa kujenga wakati mimi niko kwako kwenye matanga ya Liban. Silaumu msiba, msiba haupigi hodi. Nilikuja kujua baadaye kwamba tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi, wananchi waje watoe maoni, na siku yenyewe ikawa katikati ya masika, wakati Waorma wenzetu wote wenye mifugo wako mbali kwenye malisho ya mvua. Hakuna mfugaji aliyekuja. Angekuja nani? Kimya chao kikachukuliwa kuwa wamekubali. Wahenga walishasema, asiyekuwepo na lake halipo, na mambo yakapita.

Nilipoteremka basi nikitoka kwako niliona vigingi vyekundu nyuma ya mabucha, vimepangwa kutoka upande hadi upande. Nilidhani macho yangu yamechoka na safari. Sabdio, walikuwa wamepiga vigingi ndani ya malka! Malka yetu, njia ile ile ya mtoni aliyotupitisha baba tukiwa wadogo, wewe ukiswaga ndama na mimi nikililia miiba. Mpimaji alikuja mvua zikinyesha, akakuta uwanja mpana wa majani mabichi, hauna nyumba, hauna shamba, hauna hata alama ya kwato. Akawauliza wanakamati, ambao wengi wao ni watu wa dukani, nao wakamwambia hapo hapana mwenyewe. Sikulala vizuri usiku ule wala uliofuata.

Kwenye kikao kilichofuata nilinyoosha mkono kabla sala ya kufungulia haijaisha. Nikawaeleza kwa maneno ya wazi, maana wengine ni wageni hapa. Nikasema malka ni njia ya kuteremshia ng'ombe mtoni wakanywe, inapita kati ya mashamba ya Wapokomo, mwenye shamba hailimi na mwenye ng'ombe hatoki nje yake, na mapatano hayo ni ya babu zetu na babu zao. Masika ng'ombe hawaihitaji. Kiangazi kikikaza wanakuja wote, na ng'ombe aliyesikia harufu ya maji humzuii kwa ukuta wa kibanda. Ataukwepa aingie shambani. Nikawaambia kwamba ng'ombe akiingia shambani tunajua mambo yanaanzaje na yanaishia wapi, na hapa hakuna ukoo ambao haujawahi kuzika mtu kwa jambo hilo.

Aliyesimama kunijibu ni Mashavu. Unamkumbuka Mashavu, yule Mpokomo anayeuza ndizi na nyanya karibu na kituo changu, ambaye tumegombana miaka yote kwa sababu ya kivuli. Alisema huyu Bishara, yaani mimi, ana uchungu na ng'ombe lakini hana uchungu na wanawake wanaoloa. Alisema yeye ameuza chini tangu usichana wake, watoto wake wamelelewa chini ya turubai, na leo mawe yamekuja, ati yarudishwe kwa sababu ya njia ambayo nusu ya mwaka inaota nyasi tu. Watu walimpigia makofi. Nami, Mungu anisamehe, nilitamani kupiga makofi pia, kwa sababu hakusema uongo wowote.

Kesho yake nilimfuata sokoni nikamwomba tutembee kidogo. Alikataa. Nikakaa palepale mbele ya ndizi zake, nikawaambia wateja wote kwamba zimeiva mno, mpaka akanyanyuka. Tukashuka na malka hadi mtoni. Shamba lake, lile la migomba, linapakana na malka kutoka juu mpaka ukingoni. Sikumhubiria. Tukirudi tulisimama penye kigingi cha mwisho, akatazama juu wanakotokea ng'ombe, akatazama migomba yake, akashika kichwa. Aliniuliza ng'ombe watapita wapi wakikuta ukuta. Nikamwambia, hapo hapo unapotazama. Alikaa chini kwenye nyasi akanitukana kwa Kipokomo, mengine hata sikuyaelewa, halafu akasema kwamba mimi ni mbishi na ni kero, lakini malka haitafungwa akiwa hai. Tangu siku hiyo tunaandamana kila mahali, na ugomvi wa kivuli tumeuacha kwanza.

Tulimwendea Hudson pamoja. Alishangaa kutuona tumeingia mlango mmoja. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema yeye hana ugomvi na malka, lakini mkandarasi ana kazi nyingine inayomngoja Hola. Asipoonyeshwa uwanja mwezi huu atapakia vifaa vyake aondoke, na soko litakwenda naye. Kama tunataka vigingi vihame, tulete uwanja mwingine ndani ya mji. Tusipoleta, ujenzi utaanza palepale. Na huko nako binamu yetu Dadacha akaleta habari kwamba maji ya malishoni yamekauka na ng'ombe wameshageuzwa vichwa kuja mtoni. Basi nikafunga shela yangu kiunoni, nikamwambia Mashavu tuanze kuomba.

Tulianza kwa Harith, katibu wa msikiti. Alitukaribisha kwa kahawa na halua, akatusemesha kile Kiswahili chao cha Kipini ambacho hata ukikataliwa unahisi umesifiwa. Alisema ile ardhi ya msikiti tuliyokuja kuiomba ni wakfu, aliyeitoa alishatangulia kwa Mola wake na sharti lake, na yeye Harith hana mkono wa kulibadilisha. Tukatoka tumeshiba halua na hatuna uwanja.

Kisha tukaenda kwa Godana, mfanyabiashara wa ng'ombe. Huyu ana ploti kila upande wa mji, na ng'ombe wake wanapita malka hiyohiyo, nikadhani kwake tumefika. Alisema ploti zake ni za wanawe. Wanawe wenyewe wako Nairobi, hata Haradima hawaijui vizuri! Dada, nilipandwa na hasira. Nilimwambia palepale mnadani, mbele ya watu, kwamba yeye anampenda ng'ombe akishakuwa nyama tu, na kwamba mtu aliyetajirishwa na njia akaombwa kipande cha ardhi ili njia isife, akakataa, huyo si Muorma, ni ukuta. Watu walicheka. Godana hakucheka. Mashavu alinivuta mkono tukaondoka, na njia nzima nilikuwa bado naongea.

Alhamisi iliyopita ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Godana naye alikuja, akakaa nyuma kabisa. Mimi na Mashavu hatukuwa na uwanja wa kuonyesha, nikanyoosha mkono nikauliza swali lililobaki: kwa nini vibanda visijengwe palepale penye soko la zamani? Mhandisi, mama mmoja mpole wa Malindi, alikunjua ramani yake akasema kwamba hapo ndipo alipopachagua yeye mwanzo. Ila pamebanwa upande wa barabara na ploti ya mtu binafsi, yenye nyumba ya udongo na mwarobaini mlangoni. Ploti hiyo ingepatikana, vibanda vyote vingeenea na mtaro wake, na malka isingeguswa. Akauliza kama kuna amjuaye mwenyewe.

Hudson alitazama karatasi zake. Mashavu alitazama miguu yake. Huko nyuma nikamsikia Godana akisema polepole, wala si kwa ubaya, kwamba mkuki kwa nguruwe.

Ni nyumba ya mama, Sabdio. Ni nyumba yetu sisi wawili. Nilikuwa nimezunguka mji mzima nikiomba ardhi za watu na kuwasimanga, na kila asubuhi nilikuwa naipita nyumba ile nikienda kwenye maziwa yangu, na haikunijia hata mara moja kwamba nayo ni ardhi. Nimezoea kuiona nikamsalimia mama kimoyomoyo, nikapita. Maneno yote niliyomtupia Godana yalirudi yakanikalia kichwani, moja moja.

Nikasimama. Nilisema ploti hiyo ni yetu, iko kwa majina yetu mawili, mimi na dada yangu, na tunaitoa. Nikaweka masharti: kamati itupe ploti nyingine badala yake, na malka ipimwe, iandikwe, iwekewe mawe pande zote mbili, ili kamati nyingine isije ikaja masika ikaiita uwanja mtupu. Hudson alivua miwani akaniuliza kama nasema kwa niaba yangu tu, au na ya Sabdio pia. Nikasema, na ya Sabdio pia.

Hilo ndilo neno nililotaka ulifikie kwa njia yake. Simu ilikuwa kwenye mkoba. Ningeweza kuomba ruhusa nitoke nikupigie. Sikuomba, kwa sababu niliogopa utakataa, na ungekataa ningekuona una haki. Wewe ndiye uliyemuuguza mama katika nyumba ile, ukamwosha, ukamlisha uji kwa kijiko, mimi nikiwa sokoni nikipima maziwa ya watu. Una haki nayo kunishinda. Nilijua kwamba unataka kurudi humo, Tahir alikuwa ameshaniambia. Ulimi haukuniteleza. Nilijua yote hayo nikasema, na ingekuwa leo ningesema tena. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza, na mimi ningepata mwanya wa kusema nusunusu. Nilipofika nyumbani nililia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki.

Sasa sikiliza. Hudson, kwa vile ni Hudson, hakulipokea neno langu. Alisema mtu hamtolei mwenzake mali kwa mdomo, na kwamba hakuna udongo utakaoguswa mpaka Sabdio aje mwenyewe mbele ya kamati aseme kwa kinywa chake. Nikawaambia utakuja. Kikao ni Alhamisi hii. Ploti ya badala iko nyuma ya zahanati, na sitakudanganya, ni mchanga mtupu, haina hata kichaka cha kufungia mbuzi. Godana alinifuata nje nikadhani amekuja kunicheka, na nilistahili. Alisema miti na mabati ya nyumba mpya yatatoka kwake. Nikamwomba radhi kwa yale ya mnadani, akanijibu kwamba radhi ataipokea nyumba ikishasimama, kwa sasa maneno yale bado yanamuuma.

Ukikataa, Sabdio, sheria iko upande wako na hakuna atakayekugusa. Atakayejaribu kukutoa kwa nguvu atanikuta mimi mlangoni. Lakini nitakwambia mbele ya watu wote kwamba umekosea, halafu nitakwenda na Mashavu tulale juu ya vile vigingi mpaka watuondoe na polisi. Malka sitaiacha. Dadacha ana watoto wanaotangulia mbele ya ng'ombe, na Mashavu ana watoto wanaolala shambani kulinda migomba, na mimi sitaki kwenda kwenye matanga ya yeyote kati yao. Nyumba ya mama ilitulea sisi wawili, na naamini mama mwenyewe angeguna, angenitukana kwanza, halafu angeuliza ng'ombe watapita saa ngapi. Huenda najidanganya. Wewe ulikuwa naye mwisho, wewe ndiye utakayeniambia.

Njoo Jumatano kwa basi la Tahir, nimeshamwambia akuwekee kiti cha mbele ili mguu usibanwe. Kama umekasirika, njoo na hasira zako zote, usiziache Nanighi. Nitakupikia, utanitukana, tutalala, na asubuhi tutakwenda kwenye kamati pamoja. Utakalolisema huko ni lako. Sitakukonyeza wala kukukanyaga mguu chini ya meza.

Nisalimie wajukuu na mama yao, na majirani wote waliotupikia siku za matanga, sijasahau wema wao. Dadacha anakusalimu. Mashavu anakusalimu pia, na anasema anataka kumwona mtu aliyeweza kulelewa nyumba moja na mimi. Hudson hajatuma salamu, ametuma ukumbusho kwamba kikao kinaanza saa nne kamili. Mungu akulinde njiani, akuondolee uchungu wa Liban, na akulainishie moyo juu yangu.

Jambo moja la mwisho. Kitanda cha mama nimekihamishia kwangu jana. Kiko chumba cha mbele, kile chenye upepo, na mimi nimehamia cha nyuma. Ukisema hapana, tutakirudisha mimi na wewe, wewe ukikishika kichwani na mimi miguuni. Ukisema ndiyo, kimeshatandikwa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye makosa na asiyerudi nyuma,

Bishara